Re: Hiace, breki zinalegea nikishuka Kitonga

Salama mkuu. Umesema ukishuka mteremko wa Kitonga na mzigo, pedali ya breki inazama, ila gari likipoa inarudi sawa. Anza na mafuta ya breki, usikimbilie kununua pedi za breki. Yakikaa sana hunyonya unyevu, yakipata moto yanachemka na kutoa mvuke, ndiyo maana pedali inakuwa kama sponji. Mwaga yote, weka aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki, fundi atoe upepo ulioingia kwenye mfumo wa breki, kwa magurudumu yote manne. Kujazia juu ni kujidanganya!

Halafu ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Ukikanyaga breki mfululizo, hata mafuta mapya yanaweza kuchemka. Pedali ikizama gari likiwa baridi, nashuku masta silinda, yaani pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki. Usipakie abiria kabla haijakaguliwa.