Lipofusini: Mng'ao Nyuma ya Jicho

SWALI: Nina miaka 63. Nimepigwa picha ya nyuma ya jicho kwa mwanga wa buluu, nikaambiwa ule mng'ao ni lipofusini, "takataka za uzee". Ndiyo inayogeuka mtoto wa jicho? Na miwani ya kuzuia mwanga wa buluu itaiondoa?

JIBU: La, kote kuwili. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, mbele. Lipofusini iko nyuma, kwenye tabaka la seli zinazoihudumia retina, yaani utando unaopokea mwanga.

Kila siku seli za kuonea huangusha takriban sehemu moja ya kumi ya ncha zake, nazo seli za tabaka hilo huzimeza na kuzimeng'enya. Yasiyomeng'enyeka hubaki humo. Linalojulikana zaidi ni A2E: molekuli mbili za retinali, zao la vitamini A, zimenasana na kipande cha mafuta ya utando wa seli. Vimeng'enya haviiwezi, na kwa kuwa seli hizi hazigawanyiki, mzigo hauna wa kugawana naye.

A2E hunyonya zaidi mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 430 hivi, kisha hutoa mng'ao wa manjano kuelekea chungwa. Sehemu ya nishati huishia kwenye oksijeni, ambayo hugeuka kali na kuunguza mafuta ya seli.

Kwenye picha, ambayo kwa kawaida hupigwa kwa nanomita 488, mishipa ya damu na mwanzo wa neva ya jicho huonekana nyeusi. Katikati ya makula, sehemu ya retina ya kuona kwa makini, nako hufifia, maana lutini na zeaksanthini, rangi zake za manjano, hula buluu. Weusi huo usikutishe. Daktari hutafuta doa jeusi lenye kingo kali, yaani seli zimekufa, au ukingo unaong'aa kuliko jirani zake.

Picha hudanganya pia. Lenzi iliyoingia umanjano hukata buluu, hivyo picha hafifu si dalili ya lipofusini chache. Tena ukitoka gizani, rodopsini, rangi ya retina inayonasa mwanga, huficha mng'ao. Kumulikwa kwa sekunde 20 hadi 30 kwanza huifubaza. Ukirudia kipimo, mashine iwe ileile na mboni ipanuliwe, la sivyo hamlinganishi kitu.

Miwani haiondoi kilichokwisha kurundikana, na buluu ya skrini ni kidogo mno mbele ya mwanga wa nje mchana. Kuacha sigara kuna faida kubwa zaidi kwa makula. Mistari iliyonyooka ikianza kuonekana imepinda, nenda kliniki siku hiyohiyo.