Mama alikuwa mwalimu wa UPE, kaka hataki isemwe

“Shangazi, shikamoo. Mama yetu, mwalimu mstaafu, ametutoka na arobaini inakaribia. Kaka ndiye anayeandaa wasifu utakaosomwa kwenye ibada, na amefuta sehemu inayosema mama alianza kazi kama mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Anaogopa watu watacheka. Nimeumia, ila sitaki tugombane mama akiwa bado mbichi kaburini. La pili naona aibu kulisema. Mama alinifundisha darasa la tatu, na shuleni nilimwita Mwalimu kama wenzangu. Sasa wanafunzi wake wanakuja kulia, kila mmoja anasema ‘alikuwa mama yangu’, na mimi nashikwa na wivu. – Binti wa Mwalimu, Njombe”

Marahaba, mwanangu. Poleni sana nyote.

Hofu ya kaka yako naielewa. Walimu wa UPE walikejeliwa miaka na miaka, hata na watu waliofundishwa na walimu haohao kushika kalamu. Mtoto aliyekua akisikia kejeli hizo, akijua zinamgusa mama yake, usishangae akitaka kuzifunika mbele ya wageni.

Ila alichofuta ndicho kitu kikubwa kuliko vyote katika wasifu huo. Azimio la Musoma la 1974, uamuzi wa chama tawala TANU, lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na ilipofika 1977 watoto walijaa shuleni, walimu hakuna. Vyuo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, mwalimu mzoefu wa kuwaelekeza, na papo hapo wanashika chaki mbele ya darasa lililofurika. Mama yako alikuwa msichana mdogo tu. Wenzake wa rika lake waliobahatika walikuwa bado wanafunzi wa sekondari, yeye tayari anaitwa Mwalimu na wazee wa kijiji.

Mpango ulikuwa na kasoro, tusifiche. Mafunzo yalikuwa mafupi, na wapo watoto waliopunjwa. Kasoro hizo wasitwishwe vijana walioitwa wakaitika.

Tena katika barua yako kamili umeniandikia kwamba alianza na daraja la ualimu la III C, la chini, akastaafu akiwa III A, akijisomea usiku ninyi mmelala. Sasa kaka akifuta mwanzo, huko kupanda atasema kulianzia wapi? Asiyejua alikotoka atadhani alipita chuoni kama wengine, na jasho lake lote litakuwa limepotea.

Usimkabili kwenye kikao cha ukoo mbele ya wajomba, atajihami tu. Mfuate mapema, wawili peke yenu, kabla wasifu haujapelekwa kuchapwa. Nenda na vyeti vya mama, avione kwa mpangilio wake, kimoja baada ya kingine. Kisha mtafuteni mwalimu mmoja aliyeanza kazi pamoja naye, mumwombe aseme machache siku ya ibada. Akisimama mzee huyo akaeleza walivyoanza, sidhani kama yupo atakayethubutu kucheka.

Kuhusu wivu, mwanangu, hujakosa kitu. Mtoto wa mwalimu humgawana mzazi wake na kijiji kizima tangu utotoni, na hakuna anayemuuliza kama ameridhia. Wewe hata darasani hukuruhusiwa kumwita mama. Haishangazi kwamba msibani unataka awe wako kwanza.

Waache wanafunzi waseme, maana wanakupa kipande cha mama usichokijua. Ila tengeni siku moja ya watoto wake tu, bila wageni wala hotuba. Fungueni kabati lake, gawaneni kanga zake, semeni mambo ya nyumbani: alivyokaripia, alivyocheka, nani alipendelewa. Mtu akitaka kulia, alie. Akitaka kulalamika kwamba mama alikuwa mkali kwake kuliko kwa watoto wa wenzake, alalamike pia, na asinyamazishwe.

Halafu mwombe kaka nafasi ya aya moja katika wasifu, uiandike wewe. Umenieleza kwamba alikuwa akisahihisha madaftari jikoni, mwiko wa ugali mkono mmoja na kalamu nyekundu mkono wa pili. Anza na hilo. Wanafunzi wake hawakuwahi kuliona.