Albamu ya kwanza ya hip hop niliyoitengeneza mwenyewe: je, nimpe prodyuza aimalizie?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa Kijenge, Arusha, na nimekuwa nikichana tangu nikiwa sekondari. Ninaandaa albamu yangu ya kwanza, na biti zote nimezitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta chumbani kwangu, kwa kuwa maprodyuza niliowaendea walinipa biti zinazofanana na za kila mtu. Nina nyimbo 18. Nikisikiliza kwa hedifoni, besi inajaa vizuri, lakini nikipiga kwenye simu inapotea kabisa. Pia wimbo mmoja umejengwa juu ya kipande cha gitaa nilichokikata kutoka wimbo wa zamani wa muziki wa dansi. Wenzangu wananishauri nimpe prodyuza amalizie kazi. Mimi ninaona kwamba nikifanya hivyo albamu haitakuwa yangu tena. Naomba ushauri. – Mchanaji wa Kijenge

JIBU: Ndugu yetu wa Kijenge, endelea kutengeneza biti zako, wala usione haya kwa uamuzi huo. Mchanaji anayejitengenezea muziki anajua ni mstari upi unaotaka ngoma zinyamaze ili neno lisikike, na anaweza kurefusha ubeti usiku wa manane bila kumwomba mtu afungue upya kazi. DJ Quik, mchanaji wa Compton huko Marekani, alijitengenezea albamu yake ya kwanza mwaka 1991, na Kanye West, ambaye kabla ya hapo alifahamika zaidi kwa biti alizowapa wengine, alifanya hivyo kwa The College Dropout, iliyotoka Februari 2004. Hapo kwenu Arusha, X Plastaz walijulikana hadi Ulaya kwa kuingiza uimbaji wa Kimaasai ndani ya hip hop, na sidhani kama kuna biti ya kununua ambayo ingewapa sauti ile. Ukikataa biti zinazofanana na za kila mtu, umekataa jambo linalostahili kukataliwa.

Hata hivyo, kutengeneza mwenyewe hakumaanishi kumaliza peke yako, na hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Katika albamu hiyo ya Kanye West, Miri Ben-Ari alipiga fidla na John Legend aliimba. Tena ilipovuja kabla ya kutoka, mwenyewe alirudi studio akaongeza vyombo na kurekebisha ngoma. Albamu ilibaki kuwa yake.

Tuje kwenye besi, maana hili linawasumbua wengi. Spika ya simu ni ndogo mno kutoa vizuri masafa yaliyo chini ya hezi 200 hivi (hezi ni kipimo cha mitetemo ya sauti kwa sekunde; kadiri idadi inavyopungua, sauti huwa nzito zaidi), ilhali besi nzito ya mtindo wa 808, iliyopewa jina la mashine ya ngoma ya Roland TR-808, mara nyingi hukaa kati ya hezi 40 na 60. Kwa hiyo besi yako ipo, ila simu haina uwezo wa kuipiga. Ukiipandisha sauti ili isikike kwenye simu, utaharibu wimbo wote kwenye spika za daladala. Badala yake, nakili mkondo wa besi, kwenye nakala hiyo ukate kila kilicho chini ya hezi 150, kisha uitie mkwaruzo kidogo (distortion) na kuiweka chini chini pembeni ya ile ya kwanza. Mkwaruzo huo huzaa sauti za juu zenye uhusiano na noti yenyewe, na sikio la binadamu likizisikia hujikamilishia noti ya chini ambayo spika haikuitoa. Angalia pia kiki, yaani ngoma nzito ya chini inayopiga mdundo: ikigonga wakati uleule na besi, zote mbili hugombania nafasi moja, hivyo iagize programu iishushe besi kwa muda mfupi sana kila kiki inapogonga. Baada ya hapo acha hedifoni, usikilize kwa sauti ya chini kwenye redio ya nyumbani, kwenye gari la rafiki na kwenye simu ya bei nafuu kabisa utakayoweza kuazima.

Kumiksi, yaani kuchanganya na kupanga sauti ndani ya kila wimbo, unaweza kuendelea kujifunza mwenyewe. Mastaringi, yaani usawazishaji wa mwisho wa albamu nzima, mpe mtu mwingine mwenye chumba kizuri na masikio ambayo hayajazisikia nyimbo zako. Mpelekee mafaili ya WAV, yaani ya sauti kamili ambayo haijapunguzwa kama ya MP3, wala usimwombe apandishe sauti kupita kiasi, kwa sababu Spotify husawazisha nyimbo hadi kiwango cha LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika), na wimbo uliobanwa sana ili usikike kwa nguvu hushushwa tu na kubaki umechoka.

Nyimbo 18 ni nyingi kwa albamu ya kwanza. Prodyuza wa nje, hata asipogusa biti moja, ana kazi moja kubwa: kukuambia ubeti wa tatu haufai. Kwa kuwa wewe huna mtu huyo, mtafute mchanaji mwenzako unayeheshimu mistari yake, umwachie nyimbo zote bila maelezo, na zile asizozirudia kuzisikiliza uziweke kando. Itauma, hasa kwa biti uliyoihangaikia wiki nzima, lakini msikilizaji haoni jasho hilo.

Kuhusu kipande cha gitaa, usikitoe hewani bila ruhusa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, utunzi una mwenyewe na rekodi ina mwenyewe, na huenda wasiwe mtu mmoja. Nyimbo nyingi za dansi za zamani zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo hazina yake leo iko TBC, basi ikiwa wako ni mmojawapo, anzia huko. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, nao waulize kuhusu mtunzi. Kanye West alipokosa ruhusa ya kutumia sauti ya mwimbaji Lauryn Hill, alimwita mwimbaji mwingine, Syleena Johnson, akaimba upya maneno yale. Njia hiyo hukuondolea deni la rekodi, lakini deni la mtunzi hubaki palepale. Usipompata mwenye haki, mwombe mpiga gitaa wa hapo Arusha akupigie kitu kipya kwa mtindo ule ule, kwa kuwa mtindo wa upigaji hauna hakimiliki, na mwandikiane siku hiyo hiyo malipo yake na sehemu yake katika wimbo.