Jane Eyre: 2006 au 2011? Angalia kwanza St John amepewa nafasi gani

Mleta mada, umeuliza uanze na Jane Eyre ipi, ile tamthilia ya BBC ya 2006 au filamu ya 2011, kwa kuwa bando halitoshi zote mbili. Mdau mmoja amekujibu kwamba hadithi ni ileile, chukua yenye picha nzuri. Mimi nimeyaona matoleo matano (1943, 1983, 1996, 2006 na 2011) na kitabu chenyewe cha Charlotte Brontë nimekisoma kizima mara tatu, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kwa urefu. Hadithi si ileile.

Kwa wasioijua: Jane ni yatima anayelelewa kwa mateso nyumbani kwa mke wa mjomba wake, anapelekwa Lowood, shule ya bweni ya baridi na njaa, anakua, anaajiriwa Thornfield kumfundisha mtoto mmoja wa kike. Mwenye nyumba, Rochester, anampenda, naye anampenda. Siku ya arusi, mbele ya mchungaji, inafichuka kwamba bwana ana mke hai, Bertha, amefungiwa ghorofa ya juu. Jane anaondoka.

Wengi wetu tunaishia hapo. Mimi mwenyewe niliishia hapo kwa miaka. Nilikisoma kidato cha tatu katika nakala iliyofupishwa, nikakirudisha maktaba nikiamini ni kisa cha msichana maskini na tajiri mwenye siri darini. Kumbe kitabu kamili kina sura 38. Arusi inavunjika sura ya 26, na kuanzia ya 28 hadi ya 35 Rochester haonekani kabisa. Sura nane nzima! Humo Jane analala nje, anaomba mkate, anaokotwa na St John Rivers na dada zake wawili, anafundisha shule ya kijiji, anarithi fedha, anagundua kwamba wale waliomwokota ni binamu zake wa damu, kisha St John anamtaka awe mke wake waende India kueneza dini. Hapo ndipo mimi ninapolipima kila toleo. Mtu akimwondoa St John, Jane anarudi kwa Rochester kwa sababu hana pengine pa kwenda. Akimwacha na uzito wake wote, Jane anarudi akiwa na fedha, ndugu, kazi na posa mkononi, na bado anarudi. Hao ni wanawake wawili tofauti.

Kabla sijafika kwenye matoleo, niseme kwa nini kitabu hiki kimenikaa. Nilipomaliza kidato cha sita, nikiwa nasubiri kwenda chuo, nilipata kazi ya kufundisha tuisheni watoto wawili wa familia moja Dar es Salaam, nikilala hukohuko. Wageni wakija nilitakiwa kukaa sebuleni na watoto. Si mgeni, si ndugu, si dada wa kazi. Jioni moja wageni wakaanza kuzungumza juu ya wasichana wanaowaweka majumbani, walimu wa nyumbani wakiwemo: wanavyojifanya, wasivyoaminika. Walizungumza hivyo nami nimeketi palepale, kama vile kiti hakina mtu. Mwaka uliofuata nikapata kitabu kamili, nikafika sura ya 17, mahali Blanche Ingram, mrembo tajiri anayedhaniwa ataolewa na Rochester, na mama yake wanapowasema walimu wa nyumbani huku Jane amekaa kwenye kona ya dirisha. Nilikifunga kitabu nikalia.

Jane analipwa pauni 30 kwa mwaka. Bertha, yule mke wa ghorofani aliyetoka Jamaika, aliozwa kwa Rochester pamoja na pauni 30,000. Na Jane anapotoroka, mwenye gari la farasi anamdai shilingi 30, naye ana 20 tu, ndizo zote alizo nazo duniani. Sijui kama Brontë aliipanga hiyo thelathini makusudi, ila mimi kila nikiisoma naiona.

Sasa matoleo.

La 1943, la Orson Welles (Rochester) na Joan Fontaine (Jane), ni zuri kwa macho: vivuli, ukungu, muziki wa Bernard Herrmann. Elizabeth Taylor yumo akiwa mtoto mdogo, ndiye Helen Burns, rafiki wa Jane pale Lowood. Lakini St John hayupo. Jina la Rivers wamempa daktari mwema wa shuleni, na Jane akitoka Thornfield anarudi Gateshead, nyumba ileile aliyoteswa utotoni, na hukohuko ndiko anakoisikia sauti ya Rochester ikimwita. Hakuna mwanaume mwingine mbele yake wa kumkatalia. Hata ule ukurasa unaoonyeshwa mwanzo, kana kwamba unasomwa kutoka kitabuni, maneno yake hayamo kitabuni.

La 1996, la mwongozaji Zeffirelli, nalipita haraka. Charlotte Gainsbourg anafaa sana kuwa Jane, yule msichana asiye mrembo wa kugeuziwa shingo, na Anna Paquin akiwa Jane mdogo ana moto machoni. Lakini Thornfield inaungua palepale Jane anapoondoka, wakati kitabuni inaungua baadaye, yeye akiwa mbali. Ile miezi ya kitabuni, ya yeye kujijenga upya bila kujua lolote la Thornfield, inabaki bila kazi.

La 1983 ni la BBC, sehemu 11 za nusu saa, Timothy Dalton akiwa Rochester na Zelah Clarke akiwa Jane. Wanalisema kwamba linaonekana kama mchezo wa jukwaani, na ni kweli, taa ni kali na kuta zinaonekana nyembamba. Dalton pia ni mzuri wa sura mno. Rochester wa kitabuni hana uzuri wowote, na Jane anamwambia hivyo waziwazi anapoulizwa. Lakini mazungumzo ya kitabu yamo karibu yote, na Dalton anayasema kama mtu aliyekosa usingizi. Kitabuni Rochester anajigeuza bibi mpiga ramli ili awachimbe wageni wake siri zao, pamoja na Jane. Dalton anavaa yale mavazi kweli, anafanya sauti ile. Toleo la 2006 limemwajiri mpiga ramli halisi, Rochester akajificha. La 2011 kwenye filamu iliyotoka hakuna ramli. Wengi wanaona ni afadhali, eti tukio lenyewe ni la aibu. Mimi naona linamfichua Rochester: ni mtu anayetaka kuujua moyo wa Jane bila kuuweka wake mezani. Ukiliondoa, unamsafisha.

Sasa swali lako lenyewe. La 2011 nililiona kwanza, hosteli, kwenye laptopu ya rafiki, nikiwa nimesoma ile nakala fupi tu. Linaanza na Jane akikimbia nyikani analia, mvua inampiga, anaanguka mlangoni kwa watu nisiowajua. Nikachanganyikiwa. Nilipolirudia baada ya kusoma kitabu kamili nikaona walichofanya: mwongozaji Cary Fukunaga na mwandishi wa filamu, Moira Buffini, wameianzisha hadithi kwa St John, na maisha yote ya Thornfield yanakuja kama kumbukumbu. Huo ni uamuzi wa mtu aliyekisoma kitabu vizuri. Mwanga wa mishumaa ni wa kweli, Judi Dench ni Bi Fairfax, msimamizi wa nyumba ya Thornfield, na Mia Wasikowska, ndiye Jane, anabeba lile tukio la sebuleni kwa uso mtupu. Mimi niliyewahi kukaa kwenye kile kiti nathibitisha: ndivyo uso unavyokuwa.

Lakini kuna kitu wamekitoa, na aliyenionyesha ni mama mdogo wangu Tanga.

Likizo moja nilikwenda kwake na flashi yenye zile sehemu nne za 2006. Kiingereza hakimpandi, kwa hiyo nilikaa pembeni yake nikimtafsiria usiku hadi usiku. Ruth Wilson, ndiye Jane, alimpenda mara moja. Toby Stephens, ndiye Rochester, akamwona msumbufu, "lakini ana huruma." Tulipofika sehemu ya mwisho, St John alipoanza kuzungumzia India na ndoa, mama mdogo akanishika mkono nisitafsiri. Akamwangalia, kisha akasema, "Mwanangu, huyu hatafuti mke. Anatafuta msaidizi wa kazi."

Hakuwa amekisoma kitabu. Hakujua kwamba humo St John anamwambia Jane hivyo kwa kinywa chake: umeumbwa kwa kazi, si kwa mapenzi. Na wala hakushtuka kwamba ni binamu. Kwetu pwani mtu kumwoa binamu yake si jambo la kuuliza. Kilichomuudhi ni baridi ya yule mtu. Nikamweleza na yale ambayo tamthilia inayapitia haraka: St John alimwachisha Jane kujifunza Kijerumani ili ajifunze Kihindustani, naye akakubali, siku baada ya siku, mpaka akaanza kuona akili yake si yake tena. Mama mdogo akatikisa kichwa. Anawajua wanaume wa namna hiyo, wasiopiga, wasiotukana, wacha Mungu kabisa.

Tena ule urithi wa pauni 20,000 haukumgusa sana. Kilichomfurahisha ni undugu. Alipiga kofi: "Kumbe alikuwa na ndugu muda wote!" Hivyo ndivyo Jane mwenyewe anavyofanya kitabuni. Habari ya fedha inamfanya akae kimya, habari ya binamu inamfanya aruke kwa furaha, na papo hapo anazigawa fedha mafungu manne, 5,000 kwa kila mmoja.

Usiku uliofuata nikamwekea la 2011. Mwishoni akaniuliza, "Ndugu zake wako wapi?" Sikuwa nimelitambua pengo hilo mpaka aliposema. Katika filamu ile akina Rivers si damu yake. Ni watu wema tu waliomfungulia mlango, na Jane anagawana nao fedha kwa shukrani, akiomba wawe ndugu zake. Inapendeza, lakini mtu aliyeanza kisa akiwa yatima anayeambiwa hana chake, kitabuni alipewa damu yake. Huku amenyimwa.

La 2006 nalo lina kosa ambalo sijalisamehe. Usiku wa kuagana, Rochester akimsihi Jane asiondoke, wamewalaza kitandani, tena kwa vipande vya kumbukumbu. Kitabuni hakuna kitanda. Kuna msichana asiye na ndugu wala senti, anayeulizwa ni nani duniani atakayejali akianguka, naye anajibu kwamba anajijali yeye mwenyewe, na kadiri anavyokuwa mpweke ndivyo atakavyojiheshimu zaidi. Maneno hayo yanataka mtu aliyesimama. Hapo la 2011 limefanya vizuri zaidi, na Wasikowska anayasema akiwa anakaribia kuvunjika.

Kwa hiyo, kwa bando lako: chukua la 2006, sehemu zote nne, kwa sababu ya ndugu na kwa sababu ya St John. Ukimaliza ya tatu, zima. Usitazame ya nne usiku huohuo. Tafuta kitabu, usome sura ya 27 peke yake, ile ya kuagana, kisha ndiyo uiwashe. Na ukipata bando jingine mwezi ujao, la 2011 litazame na mtu wa kwenu aliyekuzidi umri, umsikilize atakachokuuliza.