Hotirodi ya mtindo wa zamani: mnauliza, tunajibu

Hotirodi ni gari la zamani lililobadilishwa ili liende kasi. Je, gari lolote la zamani lililokatwa paa ni hotirodi ya mtindo wa zamani?

Hapana. Kwa kawaida ni Ford ya kati ya 1928 na 1934, iliyojengwa kwa vipuri vya kabla ya katikati ya miaka ya 1960: ekseli nzima ya mbele, springi moja iliyokingama, matairi ya mtindo wa zamani. Ukiweka injini yenye kompyuta unaweza kupata gari zuri, ila litafutie jina jingine.

Nipo Ohio, Marekani. Kuna Ford ya 1932 inauzwa, rangi inang'aa kweli. Nianze kukagua wapi?

Rangi iwe ya mwisho. Chukua tochi, tafuta namba iliyogongwa juu ya boriti ya kushoto ya chasisi, karibu na sanduku la usukani. Namba ya Ford V8 ya mwaka huo huanza na 18. Ilinganishe na hati ya umiliki, tarakimu kwa tarakimu. Zisipolingana, ondoka hata muuzaji akikuapia, maana usajili unaweza kukwama na pesa yako imeshaliwa. Namba isipokuwepo kabisa, huenda chasisi imetengenezwa upya. Hiyo si dhambi, zipo imara sana, lakini usilipie bei ya chuma cha kiwandani cha 1932.

Bodi ipitishie sumaku iliyofungwa kitambaa, hasa chini ya milango. Isiponata, hapo pana puti nene au faibaglasi.

Nimepata injini ya flathedi V8 ya 1950, haijafunguliwa, bei poa. Ninunue?

Ukiilipa kabla haijapimwa, hesabu kwamba umenunua chuma chakavu. Ikiwa nzima, shukuru. Valvu za injini hii zimo ndani ya bloku, na moshi nao hupita humo humo, kando ya njia za maji, ndipo utokee ubavuni. Silinda mbili za katikati za kila upande hutumia tundu moja la moshi. Joto hilo ndilo linalopasua bloku, mara nyingi kati ya kiti cha valvu na ukuta wa silinda, au kuelekea matundu ya bolti za silinda hedi.

Macho hayatoshi. Bloku ioshwe, ipimwe kwa sumaku na unga wa chuma, kisha kwa maji ya presha. Yote hayo kabla hujanunua hata pistoni moja! Wengi hutangulia kununua hedi za alumini kwa sababu zinapendeza, bloku ikaja kuishia kuwa mguu wa meza. Chokonoa pia njia za maji: kutu na mchanga wa kalibu uliobaki tangu bloku ilipomiminwa hujificha humo, na rejeta mpya haitaponya hilo.

Kabureta zangu mbili za Stromberg 97 zinamwaga petroli.

Kama unatumia pampu ya umeme, huenda ina nguvu mno. Funga regulata, kifaa cha kupunguza presha ya petroli, ushushe hadi psi 2.5 (pauni kwa inchi ya mraba).

Nikifika maili 40 kwa saa usukani unatetemeka vibaya.

Pima kasta, yaani mwinamo kuelekea nyuma wa kingipini (pini ambayo gurudumu la mbele hukata kona juu yake): digrii 5 hadi 7, gari likiwa kwenye kimo chake cha mwisho. Ukiinua nyuma au kushusha mbele, kasta hupungua, na hapo ndipo wengi hukosea. Kagua kingipini na bushi zake, kisha rekebisha magurudumu ya mbele yaelekee ndani kidogo kwa mbele, milimita 1.5 hadi 3. Dampa ya usukani, kifaa cha kutuliza mtetemo, ifungwe baada ya hayo. Ukiitanguliza inaficha ugonjwa tu.