Meza ya usanifu au saiti? Kwa mhandisi wa ujenzi aliyemaliza chuo juzi

Swali hili haliishi: "Nimepata nafasi mbili, moja ya usanifu wa miundo, nyingine ya usimamizi wa saiti. Niende wapi?" Wengi hujibiwa kwa kuangalia tabia. Ukiwa mkimya unayependa hesabu, kaa ofisini. Ukiwa mchangamfu, nenda saiti. Mimi jibu hilo silikubali. Nimeona wakimya wakiendesha saiti bila kupaza sauti, na wasemaji wakubwa wakitulia vizuri tu kwenye hesabu. Kabla hujajipima tabia, uliza jambo moja: nani atakagua kazi yangu?

Chuo kimekupa msingi. Atakayekufanya mhandisi ni yule mkongwe wa fani atakayechukua karatasi yako, akaijaza wino mwekundu, kisha akakuita umweleze ulikuwa unafikiria nini. Ofisi isiyo na mtu huyo itakufanya mbonyezaji wa programu. Saiti isiyo naye itakufanya karani wa kuhesabu mifuko ya saruji na kumpigia simu mwenye lori la kokoto. Ukiona mkaguzi makini yuko upande mmoja na upande wa pili hayupo, usijisumbue tena kuchagua, hata kama wale wengine wanalipa vizuri zaidi.

Tuseme pande zote mbili wapo watu wa maana. Basi jua unachokwenda kukutana nacho.

Usanifu unakufundisha kushuku majibu. Chukua bimu (boriti ya kulala inayobeba mzigo) ya mita 6 iliyoegemea ncha zake mbili, yenye mzigo wa kilonewtoni 30 kwa kila mita. Zidisha 30 kwa 6, zidisha tena kwa 6, gawanya kwa 8: momenti ya katikati, yaani kani ya kuipinda bimu, ni kilonewtoni-mita 135. Hesabu hiyo unaimaliza nyuma ya bahasha. Programu ikikuletea 1,350, ujue umekosea mahali kuingiza vipimo, na zile rangi nzuri za kwenye skrini hazitakuambia. Msanifu mzuri anakuwa na jibu la kukadiria kichwani kabla hajafungua kompyuta. Uwezo huo hujengwa kwa kurudia, na ndio mali utakayotoka nayo ofisini, kuliko ujuzi wa programu yoyote.

Saiti inakufundisha kwamba mstari wa kwenye mchoro una unene. Bimu ile ile ipe upana wa milimita 300. Toa milimita 40 za zege la kufunika nondo kila upande, toa milimita 10 za ringi (chuma chembamba kinachozifunga nondo) kila upande, zinabaki 200. Msanifu ameandika nondo 5 za milimita 25 katika safu moja. Nondo zenyewe zimekula 125, zinabaki 75 za kugawanywa kwenye nafasi nne. Kila nafasi haifiki hata milimita 19, na kokoto ulizoagiza ni za milimita 20! Hesabu za nguvu ziko sawa kabisa, ila zege halipiti. Pale nondo zinapopishana kwa ajili ya kuunganishwa hali ni mbaya zaidi, na kichwa cha vibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, hakina pa kuingia. Fundi nondo ataliona hilo kwa jicho. Atakuambia, "Mhandisi, hapa patabaki matundu." Ukimsikiliza utapeleka swali kwa msanifu mapema. Ukimpuuza, utayaona mwenyewe mbao zikifunguliwa.

Kisha kuna siku ya kumwaga zege, ambayo hakuna mtihani wa chuo unaofanana nayo. Lori limefika. Slampu iliyoagizwa, yaani kiasi zege linachoshuka koni ya kulipimia ikiinuliwa, ni milimita 75. Koni inainuliwa, zege linaporomoka milimita 160. Kuna aliyeongeza maji. Mafundi wamesimama na makoleo, fomeni ni mtu wa umri wa baba yako na anasema zege la hivi amelimwaga miaka yote. Vipande vya majaribio vya zege hilo vitavunjwa kupimwa nguvu siku ya 7 na siku ya 28, na kufikia siku hiyo ya 28 huenda juu yake kuna kazi nyingine tayari. Uamuzi ni sasa hivi, na karatasi ya kupokea mzigo inasubiri saini yako. Mwenye heshima kwa wakubwa atasema, "Mzee, nakuelewa, lakini hili nalirudisha," ataandika saa na namba ya lori kwenye daftari la saiti, na atavumilia manung'uniko ya siku nzima. Jua, vumbi na kukesha utavizoea. Kinachowashinda wengi ni dakika tano kama hizo. (Dada zangu, ulizeni mapema na bila aibu habari za vyoo na usafiri wa usiku. Saiti inayokereka na swali hilo imeshajijibu.)

Pande hizi mbili zisiposikilizana, watu hufa. Daraja la Quebec, Kanada, lilianguka tarehe 29 Agosti 1907 likiwa bado linajengwa, na wafanyakazi 75 wakapoteza maisha. Umbali kati ya nguzo zake kuu mbili ulikuwa umeongezwa hadi takriban mita 549, lakini uzito wa chuma haukuhesabiwa upya kwa wakati. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa New York. Kijana wake wa saiti, Norman McLure, aliona vipande vya chini vya chuma vinaanza kupinda, akaandika barua, mwishowe akasafiri kwenda kumweleza ana kwa ana. Cooper alimwelewa na akatuma telegramu kwenye ofisi za kampuni iliyokuwa ikitengeneza chuma. Siku hiyo hiyo jioni daraja likawa mtoni. Yule kijana aliona sawasawa, ila hakuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi. Unapopewa cheo cha saiti, uliza mamlaka yako yanaishia wapi.

Kama bado moyo umegawanyika, maoni yangu ni uanze na usanifu. Sababu ni ya kimaisha tu. Hesabu usizozitumia husahaulika, na saiti huongeza posho na madaraka haraka. Ukikaa huko miaka mitano halafu ukatamani meza, utaanza chini ya vijana uliowatangulia chuo, kwa mshahara uliopungua, na familia ikiwa imeshazoea ule wa zamani. Msanifu wa miaka miwili anayeomba kwenda saiti hupokelewa. Ila usanifu wenyewe uwe usanifu: ofisi ambayo kazi yako yote ni kunakili michoro ya mradi uliopita na kubadilisha jina haina cha kukupa. Na kama ndoto yako ni kuwa mkandarasi, usipite ofisini, nenda saiti moja kwa moja ukajifunze bei, watu na ratiba.

Popote utakapoanza, andika kumbukumbu za kazi tangu wiki ya kwanza. Bodi ya usajili wa wahandisi itataka kujua ulifanya nini wewe, haitashangazwa na urefu wa jengo. Na kabla ya kusaini mkataba, omba iandikwe humo kwamba ndani ya miaka miwili utapelekwa upande wa pili kwa miezi sita hivi, maana ahadi ya mdomo huyeyuka mradi ukianza kuchelewa. Wakikataa kuandika, omba kidogo zaidi. Ukiwa msanifu, omba ruhusa ya kwenda kutazama bimu yako ikifungwa nondo. Ukiwa wa saiti, omba nakala ya hesabu za bimu moja tu, zipitie jioni, kisha mpigie aliyezifanya na maswali yako.