Negativu za Zamani: Maneno Machache kwa Anayeanza Mafunzo kwa Vitendo

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha hifadhi ya nyaraka nilikabidhiwa sanduku la negativu (vioo au filamu zenye picha ya kinyume, ambazo picha za karatasi husafishwa kutokana nazo) zilizotoka katika studio moja ya picha, nami nikaanza kwa bidii: natoa negativu katika bahasha kuukuu, naitia katika mpya, ile kuukuu naitupa kapuni. Kabla ya saa sita mchana msimamizi wangu aliinama, akaokota bahasha moja kapuni na kunionyesha maandishi hafifu ya penseli nyuma yake: nambari ya oda, jina la mteja na neno "harusi". Negativu yenyewe ilionyesha watu watano mbele ya pazia, basi. Alasiri nzima nilishinda nikilinganisha bahasha na negativu, na hadi ninaondoka pale zilibaki tatu zisizojulikana zilitoka wapi.

Kwa hiyo usiguse mpangilio kabla hujauandika. Negativu isiyo na jina, ikiwa imekaa kati ya mbili za harusi ileile, hutambulikana kwa majirani zake. Ukiichomoa na kuipanga upya kwa ukubwa au kwa kile unachodhani ni mada, ushahidi huo umekwisha. Toa nambari kwa kufuata mpangilio ulioukuta, na nambari hiyo iandike kwa penseli juu ya bahasha mpya ikiwa bado tupu, kwani ukiandika negativu ikiwa ndani, mkandamizo wa penseli unaweza kuacha alama juu ya picha. Maneno ya bahasha kuukuu yanakili yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia, na makisio yako yaweke katika safu nyingine ya rejista.

Shika negativu kwenye kingo tu, ukivaa glavu za mpira wa nitrili. Za pamba hupendeza pichani, lakini huteleza na kunasa kwenye kingo za vioo vilivyomeguka. Upande uliofifia ndio wenye picha, nao hukwaruzika upesi. Ule unaong'aa ni kioo au plastiki. Kuisoma negativu kunahitaji mazoezi: kanzu huonekana nyeusi, buibui huwa jeupe, na nyuso zote hufanana na za mizimu. Ukiiweka kinyume kwenye skana, picha hugeuka kushoto kulia bila wewe kushtuka, hivyo tafuta kibao cha duka au vifungo vya shati kabla ya kuhifadhi faili.

Jambo la hatari ni aina ya filamu. Filamu za nitrati, ambazo Kodak iliacha kuzitengeneza mwaka 1951, hushika moto kwa urahisi na huendelea kuwaka hata pasipo hewa. Ukiona neno "NITRATE" ukingoni, au filamu iliyogeuka njano na kunata, acha kazi umwite msimamizi. Filamu za asetati huandikwa "SAFETY", lakini nazo zikichakaa hutoa harufu kali ya siki, kisha hujikunja na kufanya mikunjo. Mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo karibu, kwa hiyo zitenge siku hiyohiyo. Vioo visimamishwe kwa ukingo mrefu, isipokuwa vilivyovunjika, ambavyo hulazwa.

Kwa sisi wa pwani, joto na unyevu ndio adui wa kila siku, na hata jokofu, ambalo huzinusuru filamu zinazonuka siki, lina mtego wake. Filamu iliyotoka kwenye baridi ikifunguliwa papo hapo hulowa umande, na gelatini, yaani utando unaobeba picha, ikilowa hunata kwenye karatasi. Sisi tulikuwa tukiyatoa masanduku jioni yakiwa ndani ya mifuko iliyofungwa barabara, na hakuna aliyeruhusiwa kuifungua hadi kesho yake asubuhi.